Shinikizo la Juu ni Lipi? Uhakiki wa Istilahi za Dharura ya Shinikizo la Damu

Istilahi nyingi zinazojadiliwa katika kurasa za namna hii huweza kusubiri. Neno la uchumi au la sheria likikosewa leo, litasahihishwa katika chapa ya pili, na hasara yake aghalabu ni aibu ya mfasiri. Lakini ziko istilahi chache ambazo hazina subira. Makala haya yanahusu kundi moja la hizo, yaani maneno yatumiwayo pale mgonjwa anapofikishwa hospitalini shinikizo la damu yake likiwa limepanda kiasi cha kuudhuru ubongo, moyo au figo, na ikawa hapana budi dawa iingizwe moja kwa moja katika mshipa wa damu. Maneno hayo husemwa kwa Kiswahili kila siku. Muuguzi huyasema anapokabidhi zamu, mkufunzi huyasema darasani, mama huelezwa kwayo hali ya bintiye, na mtumishi wa wizara huyatafuta anapopewa mwongozo wa kufasiri. Sikusudii kuyaorodhesha yote. Nakusudia kuyapima machache kwa kipimo kimoja tu: je, mwenye kulisikia neno atatenda lile lililokusudiwa na msemaji?

Tuanze na jina lenyewe. Watu wengi husema presha. Maandishi rasmi husema shinikizo la damu. Wako waandikao shindikizo, na wengine husema msukumo wa damu au mgandamizo wa damu. Vitabu vya fizikia navyo vina kanieneo, neno lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo. Kwa usahihi wa kisayansi hakuna linalolishinda hilo la mwisho, kwa kuwa linataja mambo mawili yanayofanya dhana yenyewe. Hata hivyo neno hilo limebaki maabara, na sijapata kumsikia muuguzi akipima kanieneo ya damu. Hapana haja ya kumlazimisha.

Shinikizo lina asili njema. Kushindika na kushinikiza ni kazi ya kinu, kukamua ufuta utoe mafuta au muwa utoe maji yake, na yeyote aliyekiona kinu kikifanya kazi ana picha ya nguvu inayobana kwa mfululizo. Msukumo haufai, maana humpeleka msikilizaji kwenye pigo la moyo, na hilo tayari lina jina lake, mapigo. Mgandamizo una kasoro nyingine: sikio lisikiapo gandamiza karibu na damu husikia ganda, na damu kuganda ni maradhi mengine yenye dawa nyingine kabisa. Basi shinikizo lina haki ya kushika nafasi lililonayo. Na presha tusiidharau kwa kuwa ni ya mkopo. Meza, shule na dawa nazo zilikopwa. Udhaifu wa presha hautokani na ugeni wake bali na uzururaji wake. Mtu mwenye deni husema ana presha, timu iliyofungwa husemwa imeingia presha, na mkubwa wa kazi huambiwa asiwape watu presha. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa kuwa ana presha huanza kutafuta ni nani aliyemkasirisha, wala haulizi juu ya chumvi, figo au urithi wa nyumba yao.

Kuna kasoro iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo inayahusu maneno yote mawili. Presha na shinikizo la damu vimekuwa jina la kipimo na papo hapo jina la ugonjwa. Twasema muuguzi amepima presha, na twasema jirani ana presha. Lakini kila mtu aliye hai ana presha. Asiye nayo kabisa ni maiti. Lugha ya mitaani imeliona tatizo hili kabla ya wataalamu, ikatunga presha ya kupanda na presha ya kushuka. Huo ni utunzi wa kusifiwa, kwa sababu unatenganisha ugonjwa na kipimo bila kuhitaji kamati. Una upungufu mmoja: kitenzi kupanda kinaeleza tukio, si hali. Mgonjwa huamini kwamba presha yake hupanda siku fulani ikashuka siku nyingine, na siku isipopanda haoni sababu ya kumeza kidonge. Wengi wafikao hospitalini katika hali tunayoizungumzia ni watu wa namna hiyo, walioacha dawa kwa kuwa hawakuhisi kitu kimepanda.

Sasa tufike penye kiini cha uhakiki huu. Maandishi rasmi, kwa kutaka kuepuka lugha ya mitaani, yameandika shinikizo la juu la damu kwa maana ya ugonjwa, na shinikizo la chini la damu kwa maana ya kinyume chake. Wakati huo huo, kipimo cha shinikizo hutolewa kwa namba mbili. Namba kubwa ni shinikizo la wakati moyo unapojikaza na kusukuma damu. Namba ndogo ni la wakati moyo unapolegea na kujaa. Namba hizi huandikwa moja juu ya nyingine, nazo zimeitwa, kwa sababu hiyo tu ya mahali zilipoandikwa, shinikizo la juu na shinikizo la chini. Kwa hiyo Kiswahili kimejikuta na shinikizo la juu mawili na shinikizo la chini mawili, na hakuna alama yoyote ya kuyatenganisha.

Chukua sentensi ya aina inayoweza kuandikwa na mfasiri yeyote mwenye bidii: "Mama mjamzito mwenye shinikizo la chini la 110 au zaidi apewe dawa mara moja." Aliyeandika alikusudia namba ya chini, ile ya moyo uliolegea, ambayo ikifika 110 kwa mjamzito ni ishara ya hatari kubwa. Msomaji aliyezoea kwamba shinikizo la chini ni ugonjwa wa presha ya kushuka atasoma nini? Atasoma kwamba mama huyu presha yake imeshuka, na kwamba dawa inayotajwa ni ya kuipandisha, au ataona sentensi haina maana na kuipita. Mtaalamu hatababaika, kwa kuwa anajua jambo lenyewe kabla hajasoma. Lakini miongozo haiandikwi kwa ajili ya wale wanaojua tayari.

Hata usomaji wa namba hizi kwa sauti umechafuka. 160/110 husomwa na wengine "mia moja sitini kwa mia moja na kumi", na wengine "mia moja sitini juu ya mia moja na kumi", na neno juu limeingia tena mlango wa nyuma. Kipimo chenyewe, milimita za zebaki, huachwa kabisa katika mazungumzo, na sioni ubaya wa hilo maadamu kimeandikwa katika fomu.

Pendekezo langu ni kwamba juu na chini yaachiwe namba, na ugonjwa upewe sifa nyingine. Ugonjwa uitwe shinikizo kubwa la damu, na kinyume chake shinikizo dogo la damu. Namba ziitwe namba ya juu na namba ya chini zinapotajwa kwa mgonjwa, na sistoli na diastoli katika vitabu vya mafunzo. Wapo watakaosema kwamba istilahi za kienyeji kama shinikizo la mkazo na shinikizo la mlegeo zingefaa zaidi kuliko hayo mawili ya kigeni. Kwa darasa, nakubali kwamba zinaeleza vizuri. Kwa wodi, sikubali: mkazo, kama presha, umekwisha kuchukua maana ya dhiki ya moyoni, na tungerudi pale pale tulipotoka.

Neno la pili la kuhakikiwa ni dharura. Watumishi wa serikali hawahitaji kufundishwa historia yake, maana wameliandika katika barua nyingi za kuomba ruhusa. Mtu hupata dharura ya kifamilia, huomba likizo ya dharura, huomba radhi kwa kutofika kikaoni kutokana na dharura. Katika matumizi hayo dharura ni udhuru, jambo lililozuka na kumzuia mtu asifanye jingine. Waganga wanapotumia neno hilo wanataka lichukue maana ya hatari ambayo saa moja ya kuchelewa huweza kugharimu uhai au kiungo. Sisemi liachwe, nasema lisiachwe peke yake bila mpaka.

Mpaka wenyewe ni upi? Hapa wafasiri wengi hukosea kwa kuitegemea namba. Desturi ya kitabibu hutaja 180/120 kuwa kiwango cha tahadhari, lakini namba hiyo peke yake haifanyi dharura. Kinachofanya dharura ni dalili kwamba shinikizo hilo linaharibu kitu sasa hivi: ubongo uliovimba, mgonjwa akachanganyikiwa au kupata degedege, mapafu yaliyojaa maji kwa moyo kushindwa, ukuta wa aota unaochanika, figo zinazoacha kazi, damu iliyovuja nyuma ya jicho. Mtu wa namna hii hulazwa na kupewa dawa ya kuingizwa mshipani. Mwingine mwenye namba ile ile, asiye na dalili yoyote ya kuumia ndani, huhitaji vidonge, mapumziko na kurudi kliniki katika muda mfupi. Kumchoma sindano ya mshipa ili namba yake ipendeze ni kumdhuru.

Kiingereza kilikuwa na maneno mawili kwa hali hizo mbili, moja la hatari ya papo hapo na jingine la jambo la kuharakishwa, na yote mawili yalifasiriwa kwa Kiswahili dharura au haraka bila mpango. Ajabu ni kwamba wenye lugha hiyo wenyewe wamechoshwa na lile la pili. Tamko la kitaalamu la Chama cha Moyo cha Marekani la mwaka 2024 limeliepuka, likapendelea maelezo yasemayo tu kwamba shinikizo limepanda sana bila dalili, kwa sababu neno la haraka lilikuwa likiwasukuma waganga kutibu kwa haraka watu wasiohitaji. Hiyo ni habari njema kwetu. Hatuna deni la kutafuta neno la pili. Dharura ya shinikizo la damu ibaki kwa ile ya kwanza peke yake, na ya pili ielezwe kwa maneno mengi kidogo: shinikizo kubwa mno lisilo na dalili za madhara ya ndani. Na tusiandike "madhara ya viungo". Kwa mwananchi wa kawaida viungo ni magoti na viwiko, kama si vya pilau. Vitabu vya biolojia vina ogani. Anayeona ogani ni ngeni mno aseme viungo vya ndani ya mwili.

Kisha kuna kitenzi. Twashusha presha, twaiteremsha, twaipunguza, twaituliza. Kati ya hayo kushusha ndilo lenye nguvu mdomoni mwa watu, na ndilo lenye hatari, kwa kuwa linataja mwelekeo bila kutaja mwendo wala kituo. Mzigo ukishushwa hufika chini. Katika dharura nyingi za shinikizo, kufika chini haraka ndiko kunakoua. Mishipa ya ubongo ya mtu aliyeishi miaka mingi na shinikizo kubwa imekwisha kujibana na kuizoea hali hiyo. Shinikizo likiporomoka ghafla, damu haifiki ubongoni kwa kiasi cha kutosha, na mgonjwa aliyeingia akizungumza huamka amepooza. Kwa ajili hiyo mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 uliagiza kwamba, kwa wagonjwa wengi, shinikizo lisipungue kwa zaidi ya robo moja katika saa ya kwanza, kisha lifikishwe 160/100 katika saa 2 hadi 6 zinazofuata, na kurudi katika hali ya kawaida taratibu kwa saa 24 hadi 48.

Mfasiri anayeiandika sentensi hiyo kwa Kiswahili amesimama ukingoni mwa shimo, na yamkini hajui. Mara nyingi ataandika: "punguza shinikizo hadi asilimia 25". Yeye amekusudia kwamba upungufu usizidi robo. Lakini hadi, likija baada ya punguza, huonyesha mahali pa kufikia. Bei ikipunguzwa hadi shilingi 500, bei mpya ni shilingi 500. Mgonjwa mwenye namba ya juu ya 220, kwa kusudi la mwandishi, asishuke chini ya 165 katika saa ile. Kwa sentensi iliyoandikwa, angefikishwa 55, naye hatakuwa mgonjwa tena. Najua kwamba muuguzi mwenye akili timamu hatafanya hivyo, atauliza. Lakini istilahi na mtindo wa kuandika haviwezi kuwekwa chini ya ulinzi wa akili timamu ya saa tisa za usiku. Iandikwe: "lisipungue kwa zaidi ya robo ya lilivyokuwa", na pembeni uwekwe mfano wa tarakimu. Tarakimu hazina lahaja.

Wako waliopendekeza kwamba tuwe na kitenzi kimoja chenye upole ndani yake, kama kuteremsha au kutuliza, ili kushusha kuachwe kabisa katika maandishi. Nimelifikiria pendekezo hilo nalo halinishawishi. Aota inapochanika, namba ya juu hutakiwa iwe chini ya 120 ndani ya saa ya kwanza, na upole wa kitenzi hapo ungekuwa udanganyifu. Kinyume chake, mtu aliyepata kiharusi kwa mshipa wa ubongo kuziba, asiyepewa dawa ya kuyeyusha donge, kwa kawaida huachwa na shinikizo lake mpaka lipite 220/120. Na aliyepata kiharusi kwa mshipa kupasuka huteremshiwa mapema. Sisi tunawaita wote wawili watu wa kiharusi. Mwendo, basi, utajwe kwa saa na kwa namba kila mara, na kitenzi kiwe kile watu wanachokijua.

Anayedhani kwamba haya ni mabishano ya wapenda maneno aikumbuke habari ya nifedipini. Katika miaka ya 1980 ilikuwa desturi katika nchi nyingi kuitoboa kapsuli ya dawa hiyo na kuidondosha chini ya ulimi wa mgonjwa mwenye presha iliyopanda, namba zikashuka mbele ya macho na kila mtu akafurahi. Baadaye ziliandikwa habari za viharusi na mishtuko ya moyo iliyofuata mteremko huo usio na breki, hata mwaka 1996 jarida la chama cha madaktari wa Marekani likachapa makala ya kutaka desturi hiyo ikomeshwe. Dawa yenyewe haikufutwa. Nifedipini ya kumeza imo hadi leo miongoni mwa dawa zinazopendekezwa kwa mjamzito mwenye shinikizo kubwa mno. Kumeza na kuweka chini ya ulimi ni vitendo viwili, na mwongozo usemao tu "apewe nifedipini" umeacha pengo ambalo desturi ya zamani italijaza.

Tuje kwenye njia ya dawa. Dawa ya mshipa, sindano ya mshipa, kuchomwa mshipani: haya yanafahamika, nami sitaki kuyang'oa. Lakini ni lazima tukiri jinsi mshipa ulivyobeba mizigo. Mshipa ni njia ya damu iendayo moyoni, ni njia ya damu itokayo moyoni, ni uzi wa fahamu tunapousema mshipa wa fahamu, ni ukano kwa wengine, na mtu akisema "nina mshipa" huenda anazungumzia ngiri. Kwa mgonjwa si neno. Kwa mwanafunzi wa uuguzi ni neno kubwa, maana dawa hizi huingizwa katika vena, na ikiingia katika ateri huweza kuharibu mkono mzima. Kumbe ateri ndiyo huwekewa mrija wa kupimia shinikizo kwa mfululizo katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mrija wa kupimia na mrija wa dawa vikiitwa vyote "mrija wa mshipani", tumeyaunganisha kwa neno mambo ambayo chumba kizima kimepangwa ili kuyatenganisha. Vena na ateri zimekwisha kuzoeleka katika vitabu vya biolojia vya shule za sekondari. Zitumike wodini bila haya.

Kuhusu dripu nina manung'uniko makubwa zaidi. Neno lenyewe ni zuri, fupi, na limekubalika. Tatizo ni kisawe chake cha mitaani, maji. Mgonjwa huongezewa maji, hutundikiwa maji, na ndugu zake husema maji yakiisha atapata nguvu. Kwa mwenye kuhara huo ni ukweli. Kwa mwenye dharura ya shinikizo kilichomo katika chupa ni dawa kali iliyochanganywa katika maji, na mwendo wa matone ndiyo tiba yenyewe. Ndugu akaaye kando ya kitanda, akiona maji yanadondoka kwa uvivu na chupa haipungui, ana sababu ya huruma ya kugeuza kile kigurudumu. Hajafundishwa kwamba kuna maji yasiyo maji. Natoa rai kwamba katika mazungumzo na ndugu wa mgonjwa neno maji likatazwe kabisa kwa dripu yenye dawa, na pahala pake litumike dawa ya matone, tamko ambalo kila bibi atalielewa bila kufasiriwa.

Na tone nalo si kipimo cha kuaminika. Katika mpira wa kawaida matone 20 hufanya mililita moja katika aina nyingi. Katika mpira wa matone madogo ni 60. Agizo la "matone 15 kwa dakika" lisilotaja mpira gani limeacha nafasi ya kukosea mara tatu. Agizo liandikwe kwa mililita kwa saa, kisha matone yatajwe pamoja na aina ya mpira.

Dawa inayoingizwa kwa sindano mara moja, si kwa matone, imeanza kuitwa dozi ya mkupuo. Neno hili limetoka kwenye malipo, ambako mstaafu hulipwa kwa mkupuo, na kwa fedha ni zuri sana. Kwa dawa nina shaka nalo. Labetaloli huanza kwa miligramu 20 zinazosukumwa polepole kwa muda wa dakika 2, kisha shinikizo hupimwa, na ikihitajika hufuata 40, halafu 80, kwa nafasi ya dakika 10 au zaidi. Haidralazini kwa mjamzito huanza kwa miligramu 5, nayo polepole. Mkupuo unasikika kama kumwaga ndoo. Dozi ya kusukuma polepole ni ndefu, lakini inasema linalotakiwa.

Majina ya dawa hayanichukulii muda. Yasitafsiriwe, ila yaandikwe kwa tahajia yetu katika maelezo, na kwa tahajia ya kwenye chupa katika jedwali la dozi, kwa kuwa muuguzi hulinganisha herufi kwa herufi. Haidralazini na haidroksizini, dawa ya mzio na mwasho, zimekwisha kuchanganywa katika lugha zilizozianzisha. Hatuna kinga ya pekee. Kilicho kizito zaidi ni vipimo. Sodiamu nitroprusaidi, ambayo hufanya kazi kwa sekunde na kuisha nguvu dakika chache tu baada ya kufungwa, huanza kwa mikrogramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito kwa kila dakika. Mtu wa kilo 60, basi, huanza na mikrogramu 18 kwa dakika. Mikrogramu na miligramu hutofautiana kwa silabi chache na kwa mara elfu moja. Katika maandishi ya mkono mikrogramu isifupishwe kamwe. Na hayo "kwa" mawili yasiachwe yakifuatana bila "kila", maana "mikrogramu 0.3 kwa kilo kwa dakika" huweza kusomwa kana kwamba dakika ni ya kilo.

Nimeliweka mwisho jina ambalo limekaa sana moyoni mwa watu, kifafa cha mimba. Kama picha, halina mpinzani: mama hutikisika kama mwenye kifafa, na chanzo ni mimba. Lakini limefanya mambo mawili yasiyotakiwa. La kwanza, limefunga mlango wa hali inayotangulia, kwa sababu mama mwenye 160/110, kichwa kikimuuma na macho yakiona vimulimuli, hajaanguka, na kwa hiyo nyumbani husemwa kwamba hana kifafa. Istilahi ya dalili za awali za kifafa cha mimba haisaidii sana, kwa kuwa hali ile ni ugonjwa kamili unaoweza kuua ini, figo na ubongo bila mtikisiko hata mmoja. La pili, kifafa katika jamii zetu kina tafsiri zake za zamani, za pepo na kurogwa, na familia huweza kuanza safari kwa mganga wa kienyeji hali saa ya hospitali inapita. Mapendekezo ya kitabibu ni kwamba shinikizo la kiwango hicho, likidumu kwa dakika 15, litibiwe ndani ya dakika 30 hadi 60. Muda huo hautoshi kwa safari mbili.

Jina hilo limeleta pia mkanganyiko wa dawa. Magneziamu salfeti hupewa mama huyu kuzuia degedege. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2002, la wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kwamba hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Si dawa ya shinikizo. Lakini kwa kuwa ugonjwa una jina moja, maelezo mengi husema "dawa ya kifafa cha mimba" kana kwamba ni moja, na msomaji huhesabu kwamba aliyepata magneziamu amekwisha kutibiwa. Mama huyo anahitaji zote mbili, ya kuzuia degedege na ya kushusha shinikizo. Ningependa kuona shinikizo kubwa la mimba likitumika kwa hatua zote kabla ya degedege, na kifafa cha mimba likibaki kwa degedege peke yake. Wakunga watasema kama linatamkika kliniki.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukipatia jina la kuridhisha, nacho ni kile kigurudumu cha plastiki juu ya mpira wa dripu. Kimeitwa gurudumu, kifungio, hata koki. Yeyote miongoni mwa wasomaji aliye muuguzi au mkufunzi wa wauguzi, na anayelijua neno linalotumika wodini kwake, atuandikie, akitaja na mkoa anakolisikia.